Mawaridi yenye kunukia: Namna ya kuyapata na kuyakuza nyumbani Migori na Homa Bay

WAKAZI wengi wa kaunti za Migori na Homa Bay wanaopanda mawaridi katika nyua zao hufikwa na jambo lile lile. Mche hununuliwa kitaluni ukiwa na ua kubwa la kupendeza, hupandwa karibu na dirisha ili manukato yake yaingie nyumbani, lakini ua linapochanua halina harufu yoyote.

Wengine hukutwa na hasara nyingine. Mche uliotoka nyanda za juu hudondosha majani yake yote katika mvua ya masika ya kwanza, na kabla ya mwaka kwisha hubaki kijiti kikavu.

Hasara hizo mbili zina chanzo kimoja. Mwaridi uliochaguliwa haukuzalishwa kwa ajili ya bustani ya nyumbani, au haukuzalishwa kwa ajili ya joto na unyevu wa maeneo ya Ziwa Victoria. Mwenye kutaka ua linalonukia hana budi kuanza na uchaguzi wa aina, kabla hajashika jembe.

Kwa nini mawaridi ya sokoni hayanukii

Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza mawaridi mengi zaidi katika masoko ya Ulaya. Maua hayo hukuzwa Naivasha, Nakuru, Thika, Nanyuki na sehemu nyingine za nyanda za juu, hukatwa yakiwa tumba, huwekwa kwenye baridi na kusafirishwa kwa ndege.

Kwa sababu ya safari hiyo, wazalishaji wa mbegu za maua kwa miaka mingi wamechagua sifa zinazomfaa mfanyabiashara: kikonyo kirefu kilichonyooka, petali ngumu zisizochubuka, rangi isiyofifia, na uwezo wa kukaa siku nyingi ndani ya chombo cha maji. Harufu haikuwa sifa ya kwanza katika uchaguzi huo, na katika aina nyingi ilipotea njiani.

Baadhi ya miche inayouzwa kandokando ya barabara hutokana na aina hizo za mashambani. Mnunuzi hupata ua lile lile linalopelekwa ng'ambo, lenye sura nzuri na lisilo na manukato.

Si kwamba mashamba yote yameacha harufu. Shamba la Tambuzi, lililo karibu na Nanyuki, limejulikana kwa kukuza mawaridi ya kunukia kwa soko la nje, zikiwamo aina za mzalishaji maarufu wa Uingereza, David Austin. Hata hivyo, mawaridi ya namna hiyo ni machache kulinganisha na yale yasiyonukia.

Mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Wafaransa walitangaza katika jarida la Science kwamba wamegundua kimeng'enya kinachoshiriki katika kutengeneza jeranioli, mojawapo ya viambato vikuu vya harufu ya waridi. Walilinganisha aina mbili nyekundu: 'Papa Meilland', inayonukia sana, na 'Rouge Meilland', ambayo harufu yake ni hafifu. Kimeng'enya hicho kilifanya kazi kwa nguvu katika ile ya kwanza, na kilikuwa kimelala katika ile ya pili.

Funzo kwa mwenye bustani ni kwamba harufu imo katika nasaba ya mmea wenyewe. Mbolea nzuri na maji ya kutosha huweza kuongeza ukubwa na idadi ya maua, lakini haviwezi kuupa mwaridi harufu ambayo haukuzaliwa nayo.

Manukato ya waridi na safari zake

Neno waridi lilitujia kutoka Kiarabu, na pamoja nalo yakaja matumizi mengi. Katika miji ya pwani kama vile Lamu, Mombasa na Unguja, maji ya waridi hunyunyizwa kwa mrashi katika harusi na maulidi, nayo hutiwa katika halua na vyakula vingine vya sherehe.

Maji hayo kwa desturi hutengenezwa kutokana na waridi la Dameski. Nchini Oman mawaridi hayo hukuzwa kwenye matuta ya Jabal Akhdar, na nchini Saudi Arabia hukuzwa katika milima ya Taif. Katika bonde la Kazanlak, Bulgaria, petali zinazozidi uzani wa tani 3 huhitajika ili kupata kilo moja ya mafuta yake.

Sehemu zote hizo tatu zina kipindi cha baridi kali kila mwaka. Mwaridi wa Dameski husubiri baridi hiyo ipite ndipo utoe maua, na kwa kawaida huchanua mara moja tu kwa mwaka. Ukipandwa mahali pasipo na baridi, hukua majani na miiba, lakini maua huwa haba au hayaonekani kabisa.

Kwa hivyo, mkazi wa Mbita au Muhuru Bay anayesikia sifa za waridi la Dameski na kutaka kulipanda atakuwa anautafuta mmea usiofaa kwa hali ya hewa ya kwake. Manukato ya namna hiyo yapo, lakini yatafutwe katika koo nyingine.

Hali ya hewa ya eneo la ziwa

Mji wa Homa Bay uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Naivasha iko karibu mita 1,900. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza mengi.

Katika nyanda za juu usiku ni wa baridi, nalo tumba hufunguka polepole likikusanya petali nyingi. Karibu na ziwa, ambako joto la mchana hufikia nyuzi 30 na usiku hauna baridi kubwa, tumba hufunguka upesi, ua huwa dogo zaidi na petali huanguka baada ya siku chache.

Joto huathiri pia harufu. Mafuta yanayobeba manukato huyeyuka hewani kadiri jua linavyopanda. Ndiyo maana ua linalonukia vizuri saa moja au saa mbili asubuhi huonekana halina kitu ifikapo saa saba mchana.

Hata hivyo, kaunti hizi mbili hazifanani kila mahali. Maeneo ya Rongo na Kuria, upande wa Migori, yako juu zaidi na yana usiku wa baridi kiasi. Vivyo hivyo kwa miteremko ya vilima vya Gwassi katika Homa Bay. Wakazi wa huko wana nafasi pana zaidi ya kuchagua aina kuliko wale wa Kendu Bay, Mbita, Karungu au Muhuru.

Koo zinazostahimili joto

Wataalamu wa bustani hugawanya mawaridi katika koo kulingana na asili yake. Kwa eneo la ziwa, koo nne zinastahili kuangaliwa kwanza.

Mawaridi ya China: Haya huchanua mwaka mzima bila kungoja baridi. Aina ya 'Old Blush', yenye rangi ya waridi iliyopauka, ilifika Ulaya kutoka China katika karne ya 18 na ni mama wa aina nyingi za kisasa. Harufu yake ni ya wastani, lakini mmea ni mvumilivu wa joto na huishi miaka mingi.

Mawaridi ya Chai: Jina lilitokana na harufu yake, ambayo watu wengi huifananisha na ya majani mabichi ya chai. Aina ya 'Duchesse de Brabant' ya mwaka 1857 na 'Mrs B. R. Cant' ya mwaka 1901 ni mifano inayosifiwa katika nchi za joto. Maua yake huinamisha vichwa, na vichaka vyake huwa vikubwa visivyopenda kukatwa sana.

Mawaridi ya Bourbon: Ukoo huu una asili ya karibu nasi. Ulitokea katika kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Huko, mwanzoni mwa karne ya 19, mawaridi yaliyopandwa kuwa ua wa kuzunguka mashamba yalichavushana, na uzao wake ukarithi manukato ya Dameski kwa upande mmoja na tabia ya kuchanua tena na tena kwa upande mwingine.

Aina ya 'Souvenir de la Malmaison' ya mwaka 1843 na 'Madame Isaac Pereire' ya mwaka 1881 zinatoka katika ukoo huo. Ile ya kwanza ina kasoro moja: mvua nyingi hufanya matumba yake yaoze kabla ya kufunguka. Huwafaa zaidi wanaoishi sehemu kavu kuliko wale wa Rongo.

Mahuluti ya Chai: Haya ndiyo mawaridi ya kisasa yenye ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu. 'La France' ya mwaka 1867 huhesabiwa kuwa la kwanza la ukoo huu. Mengi hayana harufu, lakini yapo yaliyosifika kwa manukato: 'Crimson Glory' (1935), 'Chrysler Imperial' (1952), 'Papa Meilland' (1963), 'Mister Lincoln' (1964) na 'Double Delight' (1977).

Kati ya hayo, 'Mister Lincoln', lenye rangi nyekundu iliyoiva, huvumilia joto vizuri na mara nyingi huwa chaguo salama kwa anayeanza. 'Papa Meilland' na 'Double Delight' hunukia sana lakini hushambuliwa kwa urahisi na magonjwa ya ukungu, hivyo yanahitaji uangalizi wa karibu.

Mawaridi ya David Austin, kama vile 'Gertrude Jekyll' la mwaka 1986, yana harufu nzito na umbo la mawaridi ya kale. Yalizalishwa kwa hali ya hewa ya Uingereza, na katika joto baadhi yake hurefuka matawi bila kuchanua inavyopasa. Wakazi wa Kuria na Gwassi wanaweza kuyajaribu kwa matumaini zaidi kuliko wale wa ufukweni.

Ikumbukwe kwamba umaarufu wa jina si dhamana ya harufu. 'Queen Elizabeth' (1954) na 'Iceberg' (1958) zimepandwa kote duniani kwa sababu ya nguvu na wingi wa maua yake, lakini manukato yake ni hafifu.

Mahali pa kutafuta miche

Kanuni ya kwanza ni kunusa kabla ya kununua. Vitalu vingi huuza miche bila jina, au kwa jina lisilo sahihi, na rangi peke yake haimwambii mnunuzi chochote kuhusu harufu.

Mnunuzi na aende kitaluni asubuhi, achague mche wenye ua lililofunguka nusu, kisha alinuse karibu. Ua lililofumba bado halijatoa harufu, na lililokwisha kupauka limeshaipoteza. Ikiwa mche hauna ua, ni heri kungoja hadi utakapochanua.

Vitalu vya miji ya Migori, Rongo, Homa Bay na Oyugis ndivyo vya kuanzia, kisha Kisii na Kisumu. Mche uliokulia Kisumu umezoea hali ya ziwa, ilhali ule wa Kisii umetoka mahali pa baridi na utahitaji majuma mawili au matatu ya kivuli chepesi kabla ya kupandwa juani.

Njia ya pili haina gharama, nayo mara nyingi huleta matokeo bora. Mwaridi mkongwe unaonawiri katika boma la jirani bila dawa wala mbolea umekwisha kufaulu mtihani wa hali ya hewa ya mahali hapo. Ukinukia, hakuna kitalu kitakachotoa mche wa kuaminika kuushinda.

Mahali pa kuangalia ni nyua za nyumba za zamani, makanisa, shule, hospitali na vituo vya misheni. Eneo hili lina vituo vya siku nyingi, mathalani Gendia karibu na Kendu Bay, ambako wamishonari wa Kiadventista walianza kazi mwaka 1906. Bustani za taasisi kongwe za namna hiyo, popote zilipo, ndizo ambazo huenda zikahifadhi mimea ya kale.

Miwaridi ya aina hiyo mara nyingi haina jina linalojulikana, na hung'olewa bila kufikiriwa pale jengo jipya linapojengwa au ukuta unapochukua nafasi ya ua wa miti. Ukiondolewa mmoja uliokuwa peke yake, harufu yake haitapatikana tena kwa kununua. Vipandikizi vichache vinavyogawanywa kwa majirani, kwa idhini ya mwenye boma, ndiyo akiba pekee.

Kwa upande wa sheria, aina mpya za mawaridi huweza kulindwa na haki za wazalishaji chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, inayosimamiwa na Shirika la Kukagua Afya ya Mimea, KEPHIS. Kenya ilijiunga na muungano wa kimataifa wa kulinda haki hizo, UPOV, mwaka 1999. Kuzalisha aina inayolindwa kwa ajili ya kuuza bila idhini ni kosa. Mawaridi ya kale hayana kizuizi hicho.

Vilevile, kuvusha miche au vipandikizi kutoka Tanzania kupitia Isebania bila vibali vya afya ya mimea hakuruhusiwi, hata kama ni kimoja cha zawadi. Ugonjwa mmoja unaovushwa kwa njia hiyo huweza kuharibu mashamba mengi.

Kuotesha vipandikizi

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua ya masika au ya vuli, hewa inapokuwa na unyevu.

Tawi linalofaa ni lile ambalo ua lake limetoka kunyauka, lenye unene wa penseli. Likatwe vipande vya urefu wa sentimita 15 hadi 20, kila kipande kikiwa na vifundo vitatu au vinne. Sehemu ya chini ikatwe chini kidogo ya kifundo, kwani hapo ndipo mizizi hutokea.

Majani yote yaondolewe isipokuwa mawili ya juu. Kisha theluthi mbili za kipande zifukiwe katika mchanganyiko wa mchanga safi wa mtoni na mboji iliyoiva, kwa vipimo sawa. Mfuko wa plastiki unaoangaza au chupa kubwa iliyokatwa kitako hufunikwa juu ili kuhifadhi unyevu.

Vipandikizi viwekwe kivulini na kunyunyiziwa maji kila udongo unapoanza kukauka. Mizizi hutokea baada ya majuma manne hadi manane. Si vyote vitakavyoshika, hivyo ni busara kuotesha kumi ili kupata vitatu au vinne.

Mawaridi ya China na ya Chai hushika kwa urahisi. Mahuluti mengi ya Chai hukua vyema zaidi yakibebeshwa juu ya shina la aina nyingine yenye mizizi imara. Nchini Kenya shina linalotumika sana mashambani kwa kazi hiyo ni 'Natal Briar'.

Mwenye mche uliobebeshwa na awe macho. Machipukizi yanayotoka chini ya mahali palipounganishwa ni ya shina la kubebea. Yakiachwa huumeza mwaridi wote, na baada ya miaka miwili mwenye bustani hubaki na maua madogo ambayo hakuyanunua. Yang'olewe kwa mkono tangu mwanzo.

Kuandaa mahali na kupanda

Mwaridi unahitaji jua kwa saa sita hivi kila siku. Katika eneo la ziwa, jua la asubuhi ndilo bora. Upande wa mashariki wa nyumba, ambako kivuli huingia alasiri, huhifadhi petali na manukato kwa muda mrefu zaidi. Jua hilo la asubuhi pia hukausha umande upesi, jambo linalopunguza magonjwa ya majani.

Usipandwe chini ya miembe au karibu na mikalitusi, kwa kuwa mizizi ya miti hiyo hunyang'anya maji. Upepo wa ziwa, unaovuma mchana, huchana petali. Ua wa mimea mifupi upande wa ziwani husaidia.

Udongo unahitaji uangalifu mkubwa. Sehemu za Lambwe, Ndhiwa na kandokando ya ziwa zina udongo mweusi wa kunata, unaotuamisha maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kuchimba shimo na kulijaza mboji katika udongo huo ni sawa na kutengeneza bakuli. Maji hukusanyika ndani na mizizi huoza.

Njia ifaayo huko ni kuinua tuta la kimo cha sentimita 30 au zaidi, lililochanganywa udongo, mboji na mchanga, kisha kupanda juu yake. Mahali penye udongo mwekundu unaopitisha maji, shimo la kina na upana wa sentimita 50 linatosha.

Mawaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, kati ya pH 6 na 6.5. Majivu ya jikoni hupunguza uchachu, kwa hivyo yasimwagwe ovyo, hasa katika udongo mweusi ambao mara nyingi uchachu wake ni mdogo tayari. Mwenye shaka anaweza kupeleka sampuli ya udongo katika maabara za Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO.

Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 60 hadi 90 kwa mahuluti, na mita moja na nusu au zaidi kwa mawaridi ya Chai. Kubananisha miche huzuia hewa kupita na kukaribisha ukungu. Aidha, uzio ni lazima mahali mifugo inaporandaranda, kwa maana mbuzi hula mwaridi pamoja na miiba yake.

Maji, chakula na matandazo

Wakati wa kiangazi, mwaridi mmoja uliokomaa huhitaji lita 10 hadi 15 za maji mara mbili kwa juma. Maji yamwagwe kwenye shina, asubuhi. Kunyunyizia majani jioni ni kuyaandalia magonjwa makao.

Matandazo huzuia unyevu usipotee. Wakazi wa Awendo na maeneo yanayokuza miwa wana makapi ya miwa kwa wingi. Wale wa ufukweni wanaweza kutumia gugumaji, lile linaloziba ziwa, baada ya kulirundika na samadi hadi lioze kabisa kwa joto. Likitumiwa kabla ya kuiva, mbegu zake na vipande vyake huweza kuchipuka.

Matandazo yaachwe nafasi ya upana wa kiganja kutoka kwenye shina, kwani mchwa hupenda vitu vikavu na kutoka hapo huingia katika mmea.

Samadi iliyooza, ndoo moja kwa kila mmea, hutiwa mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi haifai. Huleta majani laini yanayowavutia vidukari, na maua hupungua.

Kupogoa mahali pasipo na baridi

Vitabu vingi vya bustani viliandikwa kwa nchi zenye majira ya baridi, ambako mwaridi hulala na kukatwa karibu na ardhi. Hapa mwaridi haulali. Ukikatwa namna hiyo wakati wa jua kali, matawi huungua na mmea huweza kufa.

Inatosha kupogoa kwa kiasi mara mbili, takriban mwezi wa Februari na mwezi wa Agosti, kabla ya mvua kuanza. Matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana yaondolewe, na yaliyobaki yapunguzwe kwa theluthi moja. Mawaridi ya China na ya Chai yapunguzwe kidogo tu.

Maua yaliyonyauka yakatwe juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano. Mwaridi wenye afya huchanua tena baada ya majuma sita hadi manane.

Magonjwa na wadudu

Adui mkuu katika eneo hili ni ugonjwa wa madoa meusi, unaosababishwa na kuvu. Majani hupata madoa ya duara, huwa ya manjano na kuanguka. Kuvu huyo huhitaji jani likae na maji kwa saa kadhaa ili aote, ndiyo maana masika huwa msimu wake.

Majani yaliyoanguka yaokotwe na kuchomwa. Yasitupwe katika mboji. Nafasi pana, jua la asubuhi na aina sugu hufanya kazi kubwa kuliko dawa. Panapohitajika dawa ya kuua kuvu, itumike kulingana na maelezo ya kibandiko, kwa glavu na kifunika uso.

Ukungu mweupe unaofanana na unga hutokea wakati mchana ni mkavu na usiku una unyevu. Vidukari hukusanyika kwenye matumba na huweza kuondolewa kwa maji yenye sabuni kidogo au kwa kupangusa. Utitiri huja wakati wa ukame, na hujulikana kwa utando mwembamba chini ya majani. Mafuta ya mwarobaini husaidia dhidi ya wote wawili.

Kuchuma na kutumia

Ua la kunukia huchumwa asubuhi mapema, umande unapoanza kukauka, likiwa limefunguka nusu. Kikonyo kitumbukizwe majini mara moja. Halitakaa chomboni kama lile la Naivasha. Siku mbili hadi nne ndizo za kutarajia, na kwa hiyo ni afadhali kuchuma machache kila mara.

Petali za miwaridi isiyopigwa dawa zinaweza kutiwa katika chai, asali au maji ya kuoga, au kukaushwa kivulini na kuwekwa kati ya nguo. Maua ya dukani yasitumiwe kwa chakula, kwani huenda yakawa yamenyunyiziwa kemikali ambazo hazikukusudiwa mimea ya kuliwa.

Kwa anayeanza, miche miwili au mitatu inatosha: mmoja wa ukoo wa China au wa Chai kwa ajili ya uvumilivu, mmoja wa 'Mister Lincoln' au hulutu lingine lililonuswa kitaluni, na mmoja uliooteshwa kutokana na mwaridi mkongwe wa jirani. Baada ya masika mbili, mwenye bustani atakuwa ameona ni upi unaoupenda udongo wake, na ndio wa kukatwa vipandikizi na kugawiwa wengine.